Mwanamke Aliyenona Wakati wa Njaa

Syokau aliolewa na kaka yangu Kivuva mwaka wa 1965, na kwa miaka kumi na saba iliyofuata sikuwahi kumwona akikimbia. Mvua ikimkuta shambani, alitembea. Ng'ombe wakiingia kwenye kunde, alienda akawatoa bila kelele. Kaka yangu aliendesha greda ya serikali upande wa Kitui na Mwingi. Alikuwa na chumba cha kupanga Kitui mjini, na nyumbani Kalamba tulimwona mwisho wa mwezi tu. Mimi nilifiwa na mume mapema na nilikaa ng'ambo ya kijito, kwa hivyo mwenzangu wa kila siku alikuwa Syokau. Tulilima pamoja, tukapukuchua mbaazi pamoja, na Jumapili tulikaa benchi moja kanisani. Alikuwa na watoto wanne, mkubwa Musembi na wa mwisho msichana, Nzilani.

Mabadiliko yalianza mwishoni mwa 1982. Kwanza ilikuwa kutotulia. Ningefika kwake asubuhi nikute uwanja umefagiwa, halafu tukiwa tunaongea anachukua ufagio anafagia tena palepale. Alishika kusuka kiondo, akakiacha, akaenda kuangalia mbuzi, akarudi amesahau alichokuwa anatafuta. Usingizi ulimtoka. Aliniambia kwamba hata akilala amechoka namna gani, baada ya muda mfupi macho yako wazi na moyo unampiga kama mtu aliyeitwa na chifu. Akaanza kuwa mkali kwa watoto, na akishawagombeza analia. Nilidhani ni mambo ya Kivuva na wanawake wa Kitui, nikamuuliza. Akasema Kivuva hana shida. Shida iko ndani ya mwili wake mwenyewe na hajui ni nini.

Kisha mwili nao ukaanza. Uso ukawa mviringo, mashavu yakajaa mpaka macho yakaonekana madogo. Nyuma ya shingo kukaota nundu ya nyama. Tumbo likatokeza, wanawake wakahesabu miezi tisa, ikapita, mtoto hakuna. Hedhi ilikuwa imekatika. Ndevu chache zikamtoka kidevuni, akawa anazing'oa mbele ya kioo kidogo cha Kivuva. Tulipokuwa tunaoga mtoni niliona kwenye mapaja na tumbo lake michirizi ya zambarau, mipana kama kidole, na mikono ilikuwa na madoa ya damu iliyovilia ingawa hakuwa amegongwa na kitu. Tena mikono na miguu yenyewe ilikuwa inakonda. Hayo niliyaona mimi tu. Walimwengu waliona uso na tumbo, na kwa mwaka ule wa 1983 hayo hayakuwa mambo mabaya. Walimwambia kwamba mume wake anamtunza.

Mvua ya mwisho wa 1983 ilikuwa hafifu, na ile ya Machi 1984 haikuja. Njaa ile watu wetu waliipa jina, wakaiita Nikw'a Ngwete, yaani nakufa na nimeshika, kwa sababu hata aliyekuwa na shilingi mkononi hakupata chakula cha kununua. Ng'ombe walianguka njiani wakienda kutafuta maji. Sketi yangu ya kanisani niliifunga kwa kamba ya katani ili isianguke. Watoto waliacha kucheza baada ya shule, wakawa wanakaa tu ukutani. Na katikati ya watu hao, Syokau akawa anazidi kunona.

Mwezi wa Julai serikali ilileta mahindi ya njano ya msaada. Makueni yetu ilikuwa bado chini ya wilaya ya Machakos wakati huo, na kutoka Machakos mpaka kwetu mzigo ulipitia mikono mingi. Kamati ikachaguliwa, mwenyekiti akawa Muthama, mzee wa kanisa mwenye duka hapo sokoni. Mimi nilikuwa mmoja wa wanakamati. Mtunza stoo tulimchagua Syokau, kwa kuwa alisoma mpaka darasa la saba na hakuna aliyewahi kumsikia akigombana na mtu. Nafikiri tulimchagua Syokau wa zamani. Yule wa 1984 hakuwa amekaa chini nusu saa tangu mwaka uanze.

Stoo ilikuwa ile ya zamani ya ushirika wa pamba, nyumba ya mabati yenye madirisha madogo juu. Mzigo wa kwanza ulikuwa mzuri. Wa pili ulikuwa umenyeshewa mahali fulani njiani. Magunia mengine yalikuwa yameshikana yakawa magumu kama tofali, na ukiyapasua, vumbi la kijani na jeusi linapanda mpaka kwenye mabati na kukaa hewani muda mrefu kabla ya kushuka. Muthama alisema yaanikwe kisha yagawanywe, watu wana njaa. Syokau alikataa. Alikumbusha kwamba miaka mitatu tu iliyopita kulikuwa na watu waliokufa katika wilaya hiyohiyo ya Machakos kwa kula mahindi yenye ukungu, wakageuka macho ya njano. Akasema atayachambua mwenyewe. Mazuri yatagawanywa, mabaya yatazikwa.

Basi akaanza. Alitandika turubai ndani, kwa sababu nje mbuzi walikuwa hawazuiliki, akavunja mabonge kwa mti, akapepeta kwa uteo, akachagua punje kwa punje. Tulipangiana zamu wanawake wawiliwawili kumsaidia. Mimi nilienda mara tatu, na kila nikitoka nilitema mate meusi. Wengine waliacha kuja. Syokau hakuacha, hakuweza kuacha. Siku moja nilipita pale jua halijatoka vizuri nikamkuta peke yake ndani, mlango umerudishwa, vumbi limemfunika nyusi. Alikuwa anakohoa kikohozi kikavu huku mikono ikiendelea.

Nikamwambia apumzike.

"Siwezi, Kaluki," akasema. "Nikikaa, ni kama kuna mtu ananisukuma kutoka nyuma."

Alipotaka kuinuka kutoka kwenye kigoda, alishika magoti, akajisukuma, ikashindikana. Akageuka, akapanda ukuta kwa viganja mpaka akasimama. Mwanamke wa miaka thelathini na nane. Niliona, nikaondoka, na njiani nilichofikiria hakikuwa miguu yake. Nilifikiria kwa nini mlango ulikuwa umerudishwa.

Shimo la kuzikia mahindi mabaya lilikuwa nyuma ya stoo, na ndilo lililoleta maneno. Watu walisema anayozika si mabaya, ni akiba yake, anayafukua watu wakilala. Mwanzo wa Septemba Muthama aliita mkutano. Tulikutana kanisani kwa sababu hapakuwa na kivuli kingine cha kututosha. Naibu wa chifu alikuwepo. Muthama alisimama, akashukuru Mungu, akashukuru serikali, kisha akasema maneno machache tu.

"Nchi nzima imekonda. Mtunza stoo peke yake amenona. Mimi sitasema zaidi."

Hakuhitaji kusema zaidi. Watu walikuwa wanaliangalia tumbo la Syokau kama unavyoangalia gunia. Yeye alisimama kwa shida, akishika mgongo wa benchi. Uso ule mpana ulikuwa unatoka jasho. Alianza kueleza habari ya ukungu, akakohoa, akaanza tena kwa haraka mno hata hatukumfuata. Kisha akaelekeza mkono mlangoni.

"Kama ninaiba, basi naiba nikale wapi? Watoto wangu ni wale. Waangalieni."

Tukageuka. Nzilani alikuwa amesimama mlangoni na kaka zake. Shingo yake ilikuwa nyembamba kuliko mkono wangu, na nywele zilikuwa zimegeuka rangi kama za watoto wote wa Kalamba mwaka ule.  Ningependa kusema kwamba jambo liliishia hapo. Lakini Muthama alisema kwamba mama anayekula peke yake si mara ya kwanza kuonekana duniani, na akaomba wanaotaka mtunza stoo abadilishwe wainue mikono.

Niliinua wangu. Nilikuwa na njaa, na kwa mwaka mzima nilikuwa nimeishi na uso ule karibu yangu nikijiuliza. Sina sababu nyingine ya kutoa.

Syokau alifungua fundo la leso, akatoa ufunguo, akauweka juu ya meza ya mhubiri. Akaenda nyumbani.

Kikohozi hakikumwacha alipoacha stoo. Kabla Septemba haijaisha alikuwa anatoa makohozi yenye nyuzi za damu, na jioni homa inapanda. Alienda zahanati. Pale hapakuwa na eksirei. Makohozi yalipelekwa kupimwa, vijidudu vya kifua kikuu havikuonekana, lakini wakamwambia wakati mwingine vinajificha, na mtu anayekohoa damu Ukambani ni wa kifua kikuu. Wakamwanzishia sindano za kila siku na vidonge vikubwa. Kila asubuhi alitembea maili tatu kwenda kudungwa na tatu kurudi, akipumzika kwenye mawe, akiinuka kabla hajapumzika. Wiki zilipita. Damu iliongezeka. Watu waliacha kumpa mkono, na kanisani niliacha benchi letu nikawa nakaa na watu wengine, nikijiambia ni kwa sababu ya kuambukizwa.

Kivuva alikuwa hajaja nyumbani miezi miwili, kwa kuwa magreda yote yalikuwa yakitengeneza barabara za malori ya chakula. Alipofika mwisho wa Oktoba na kumwona mke wake, alikaa kwenye mlango na kofia mkononi. Kisha akaja kwangu. Alisema anampeleka Kitui, ambako anamjua mtu hospitalini, na kwamba peke yake hawezi kumwinua na kumwogesha. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari ya mkono wangu. Nikafunga nguo zangu.

Mtu mwenyewe aliitwa Hassan. Ukoo wake ulitoka pwani zamani na baba yake alikuwa na duka la vitambaa Mwingi. Hassan alizaliwa hapohapo na alizungumza Kikamba kizuri kuliko mimi. Alikuwa afisa wa kliniki, ila watu walimwita daktari. Kwa kawaida wale watu wanashika kifua, wanasikiliza, wanaandika. Yeye kwanza alimtazama Syokau, ambaye alikuwa anasimama, anakaa, anasimama. Akauliza maswali ambayo hayakuhusu kifua hata kidogo: usingizi, hedhi, kiu, kama anaweza kuchutama na kuinuka. Mimi ndiye niliyejibu swali la mwisho. Kisha akauliza kama ana kitambulisho.

Syokau alikitoa. Kilikuwa cha mwaka wa 1980. Hassan alikiweka kwenye kiganja, akaangalia picha, akaangalia mtu.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi," Syokau akasema.

"Nani alikuambia umenona?"

Syokau akanitazama mimi, kisha akatazama sakafu. Akasema, "Kila mtu."

"Wewe hujanona, mama. Wewe ni mgonjwa tangu kabla ya njaa."

Alitueleza polepole, Kivuva akiwa amesimama nyuma yetu. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, akasema, inayotengeneza homoni iitwayo kortiso. Kidogo chake ndicho kinachotuamsha asubuhi na kutupa nguvu wakati wa hatari. Kikizidi, na kikazidi kila siku bila kukoma, mwili unafikiri hatari haiishi. Usingizi unakatika, moyo haupoi, presha na sukari vinapanda. Nyama inatolewa mikononi na mapajani, mafuta yanawekwa usoni na tumboni. Na jambo baya kuliko yote ni kwamba askari wa mwili wanalazwa. Kivuva akauliza askari gani. Hassan akasema kuna chembe katika damu kazi yake ni kuua wageni. Vumbi la ukungu tunalivuta sote, yeye Hassan analivuta, mimi nimelivuta kwenye stoo ileile, na askari wetu wanalimaliza kabla hatujajua. Kwa mtu mwenye kortiso nyingi, ukungu unafika kwenye pafu unakuta hakuna mlinzi, unaota pale kama unavyoota kwenye mahindi.

Alikuwa hana uhakika, akasema hivyo waziwazi. Lakini eksirei aliyopiga mchana ule ilionyesha shimo juu ya pafu la kulia, na ndani ya shimo kivuli. Sindano za kifua kikuu alizisimamisha. Aliandika barua kurasa mbili kwa hospitali kubwa ya Nairobi na akaifunga yeye mwenyewe.

Nairobi walimweka kwenye wodi ya wanawake ghorofa ya juu. Walimpa dumu akusanye mkojo wote wa siku nzima, kisha dumu lingine. Walimtoa damu asubuhi, wakamtoa tena jioni, kwa sababu kwa mtu mzima kortiso hushuka jioni, yake haikushuka. Makohozi yalipandwa kwenye sahani ya maabara, na siku ya tano daktari, mama mmoja mfupi asiyependa mzaha, alikuja kutuambia kwamba ukungu umeota, wa kijani. Picha nyingine ikaonyesha uvimbe juu ya figo ya kushoto. Uvimbe ndio unaomwaga kortiso, akasema, na lazima utolewe. Lakini hawezi kupasuliwa akiwa na pafu hilo. Kwanza waupunguze ukungu.

Dawa ya ukungu ilikuwa ya dripu, chupa imefunikwa kwa karatasi ya kaki isipigwe na mwanga. Saa moja baada ya kufunguliwa, Syokau alianza kutetemeka. Haikuwa baridi ya kawaida, kitanda kilitembea. Wauguzi walimfunika blanketi tatu, wakamdunga kitu, baadaye akalowa jasho. Kesho yake tena. Misuli ilimkaza usiku na mchana, wakasema dawa na ugonjwa vyote vinamaliza chumvi fulani mwilini, ale ndizi mbivu kila siku. Kati ya dripu moja na nyingine hakukaa kitandani. Alitembea kwenye korido akishika ukuta, mwisho mpaka mwisho, akihesabu milango, akiuliza wageni wa watu wengine wanatoka wapi na kama kumenyesha.

Siku moja mwezi wa Novemba mgeni mmoja akamwambia kumenyesha. Alikuwa ametoka mji wa Wote, upande wa kwetu, asubuhi ileile, viatu vina matope, akatuonyesha. Syokau aliviangalia viatu vile muda mrefu.

Asubuhi iliyofuata nilipofika kutoka nilikolala kwa binamu yetu, kitanda kilikuwa tupu. Sindano ya dripu ilikuwa imechomolewa na kuwekwa vizuri juu ya sahani. Sikuuliza mtu. Niliteremka ngazi, nikaenda moja kwa moja kituo cha mabasi ya mashambani, nikapita basi moja hadi jingine nikiwa natafuta nundu ile ya shingo.

Nilimkuta amekaa kwenye gunia la mtu kando ya basi la Wote, amevaa gauni la hospitali na leso juu. Basi lilikuwa linanguruma, tandiboi anapiga ubavu wa gari akiita abiria. Nilimuuliza kwa nini hajapanda.

"Mguu umekataa," akasema. "Nimejaribu mara nne. Ngazi ya kwanza tu."

Nikakaa kando yake. Alikuwa anahema, na midomo ilikuwa mikavu. Akasema mvua hiyo ikipita bila mbegu ardhini, watoto watakufa, na yeye atakuwa amelala kwenye shuka nyeupe anakula ndizi. Nikamwambia watu wa nyumbani watampandia. Akauliza watu gani. 

"Uliinua mkono, Kaluki," akasema. Hakuwa ananitazama, alikuwa anatazama ngazi ya basi. "Nilikuona."

"Niliinua."

"Basi panda wewe. Nenda unipandie."

Ndivyo tulivyoachana siku hiyo. Nilimrudisha wodini kwanza kwa teksi, tukagombezwa, akalala, nikamwita muuguzi wa zamu nikamwomba asiondoe macho kwake. Kivuva alipewa likizo, akaja Nairobi. Mimi nilipanda basi la saa nane nikafika Kalamba kukiwa na giza na mvua.

Kwa siku tisa sikugusa shamba langu. Mimi na watoto wake wanne tulipanda mahindi, kunde na mbaazi kwenye shamba la Syokau, Musembi akivuta ng'ombe mmoja aliyebaki, wa jirani. Mbegu tulipewa na kanisa. Langu nililipanda baadaye, na mazao yake hayakuwa kitu.

Katika wiki hiyohiyo maji ya mvua yalipasua shimo la nyuma ya stoo. Mahindi yakatoka yakatapakaa mpaka barabarani, meusi, yamegandamana, na harufu ambayo ilifanya watu wafunge pua sokoni. Mbuzi walinusa wakaondoka. Nilienda dukani kwa Muthama nikamwambia aje aone. Alikuja na mwavuli. Alisimama ukingoni, akageuza bonge moja kwa ncha ya mwavuli, likavunjika, na katikati mlikuwa na unyevunyevu wa kijani. Nilimweleza yale ya Hassan, ya tezi, ya uso. Alisema barua ya hospitali inaweza kuandikwa na yeyote. Lakini hakusema hivyo kwa sauti yake ya mkutanoni, na jioni aliwalipa vijana wafukie shimo.

Habari za Nairobi zilikuja kwa vipande, kupitia kwa Kivuva. Desemba kikohozi kilipungua na homa ikatulia. Januari 1985 wakampasua ubavuni, wakatoa uvimbe mkubwa kama limau. Kisha Kivuva alileta habari iliyotutisha: Syokau hafanyi kitu ila kulala. Analala asubuhi, anaamshwa ale, analala tena. Daktari alisema ndivyo inavyotakiwa. Tezi ya upande wa pili ilikuwa imezoea kukaa bure, haijui kazi, na mpaka ijifunze, Syokau atameza vidonge vya kitu kilekile kilichokuwa kikimuua, kwa kipimo kidogo, na akikosa hata siku mbili anaweza kuanguka. Nilimuuliza Kivuva mara tatu kama amesikia vizuri.

Alirudi Machi, tukiwa tunavuna. Ngozi ilikuwa inambambuka, mifupa inamuuma, hana nguvu ya kuinua sufuria. Alikaa chini ya ukuta akitazama marundo ya mahindi meupe ya shamba lake. Aliniuliza kama kunde nilipanda mapema au nilichelewa. Nikasema nilichelewa kidogo. Akasema inaonekana.

Uso wake ulichukua mwaka mzima kurudi. Wageni waliopita walimwuliza kama ni mgonjwa, kwa jinsi alivyokonda, na wakati huo ndipo alipokuwa anapona. Muthama alikuja 1986 na kilo mbili za sukari, akakaa, akaongea habari ya bei ya ng'ombe, na alipokuwa anaondoka akasema kuna stoo mpya ya kanisa na wanatafuta mtu mwaminifu. Syokau alimjibu kwa upole kwamba hatashika ufunguo wa watu tena. Alimshukuru kwa sukari. Nilitaka aseme zaidi. Hakusema, na Muthama alikufa miaka michache baadaye bila hao wawili kuzungumza jambo lile.

Pafu halikupona kabisa. Shimo lilibaki na kovu, na ndani ya shimo bonge la ukungu lililokufa nusu, ndivyo Hassan alivyosema. Alipohamishiwa Mwingi, Syokau alimfuata huko kwa kliniki, mara mbili kwa mwaka, eksirei mkononi ndani ya bahasha kubwa. Makueni ilipopewa wilaya yake mwaka wa 1992, na ukame ukarudi, wasichana wa ofisi ya kilimo walikuja kumwuliza habari za kuhifadhi mahindi. Aliwafundisha wapange magunia juu ya mbao, wafungue madirisha, wafunge kitambaa puani, na mwenye kumeza vidonge vya pumu au vya baridi yabisi kwa muda mrefu asiingie kabisa kwenye vumbi lile. Hayo ya mwisho alikuwa ameyauliza kwa Hassan mwenyewe, kwa kuwa baadhi ya vidonge hivyo ni jamii moja na kortiso. Aliwafundisha akiwa amesimama nje, upande upepo unakotoka.

Sasa ni 1996. Alhamisi ya wiki iliyopita alikohoa damu tena, nusu kikombe. Kivuva, ambaye amestaafu, alitaka waondoke siku hiyohiyo. Syokau alisema ataenda Jumatatu, kwa kuwa Jumamosi Nzilani alikuwa analeta wakwe. Tulimgombeza sote, akapika kuku wawili, wakwe wakala, Jumatatu akaenda. Siku nne sikuweza kushika kazi. Nilienda barabarani kila basi lilipopita, nikarudi, nikaenda tena.

Amerudi jana. Kivuli hakijakua, Hassan amempa vidonge vipya vya ukungu vya miezi mitatu, na damu imekoma. Leo nimemkuta anachagua mbegu za kunde kwenye uteo, amefunga leso puani. Ameniambia mawingu ya upande wa Kitui hayampendezi, na kwamba tusingoje wiki ijayo, kesho tukalime.